Mmeng'enyo si Umetaboli: Kasoro Moja katika Istilahi za Lishe

Miongoni mwa istilahi za lishe, neno "mmeng'enyo" limebebeshwa mzigo usio wake. Baadhi ya wafasiri hulitumia kwa kila badiliko linalokipata chakula, tangu kinywani hadi ndani ya seli. Tunashikilia kwamba matumizi hayo huifanya hoja ya kisayansi isielezeke. Mfano mmoja watosha.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa Marekani waliwalisha panya wa maabara nyama ya ng'ombe iliyopigwa mionzi ili isioze. Madume walivuja damu na kufa. Majike waliolishwa chakula hicho hicho hawakudhurika vivyo hivyo. Mionzi ilikuwa imeharibu vitamini K, ambayo huliwezesha ini kutengeneza prothrombini, protini ya kugandisha damu. Ilibainika pia kwamba madume waliopewa estrojeni, homoni ya kike, waliustahimili upungufu huo vizuri zaidi.

Sasa, mfasiri anapoandika "tofauti za kijinsia katika mmeng'enyo wa vitamini", amesema nini? Kumeng'enya ni kuvunjavunja chakula, kama wanga unavyovunjwa kuwa sukari, ili kiweze kupenya ukuta wa utumbo. Vitamini K haivunjwi hivyo. Hufyonzwa ikiwa nzima, kwa msaada wa nyongo. Basi jambo linalotajwa na tafsiri hiyo halipo. Tena swali la watafiti limefutika: je, jike huifyonza vitamini kwa wingi zaidi, huihifadhi zaidi, au ini lake huitumia vizuri zaidi? Hayo ni maswali matatu, na kila moja lahitaji jaribio lake. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa yote matatu hawezi hata kuuliza.

Watakuwapo watakaodai kwamba "umetaboli" ni neno geni, na kwamba "mmeng'enyo" hueleweka na wengi. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatupendi kukopa kwa pupa. Lakini neno la asili lenye maana yake kamili halifai kupokonywa maana hiyo ili lizibe pengo la jingine. Aidha, tulikwisha kukopa "vitamini" na "homoni" bila lugha kudhurika.

Kuhusu "kijinsia", hatuoni sababu ya kulitumia kwa panya. Neno "jinsia" siku hizi limeelemea mahusiano ya wanawake na wanaume katika jamii, ilhali "dume" na "jike" yanatosha kabisa kwa wanyama.

Kwa hiyo tunapendekeza "mmeng'enyo" ubaki kwa kuvunjwavunjwa kwa chakula. "Ufyonzwaji" utumike kwa kupenya kwake utumboni. "Uhifadhi" kwa akiba iwekwayo mwilini. Na "umetaboli" kwa mabadiliko ya kikemia yatendekayo ndani ya seli. Kichwa tulichokikosoa kingesomeka: "Tofauti za madume na majike katika umetaboli wa vitamini". Hapo msomaji atajua ni nini kilichopimwa.