Kiambishi -nge- katika "Malaika": Usomaji kutoka Mwambao wa Rumonge

Wimbo "Malaika", uliovuma kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya na ambao utunzi wake umegombaniwa kwa miongo mingi, husomwa kwa kawaida kama kilio cha kijana aliyeshindwa kuoa. Miriam Makeba na Harry Belafonte, kisha Boney M. mwaka 1981, waliufikisha kwa wasikilizaji wasiojua Kiswahili. Kwao huzuni ya lahani ilitosha kuwa maana. Sarufi ya wimbo inasema jingine.

Mapenzi yametajwa katika wakati uliopo, na ndoa katika hali ya masharti yenye -nge-. Lau mtunzi angechagua -ngali-, mlango ungekuwa umefungwa na kilio kingekuwa halali. Kwa -nge-, sharti bado liko wazi: mali haipo leo, lakini anayependa hajaondoka. Hakuna mshindani wala mzazi mkali. Kizuizi ni fedha tu. Kwa hiyo huu ni wimbo wa kudumu zaidi kuliko wa kushindwa, ingawa haumwahidi mpenzi umilele wowote.

Usomaji huu unapata uzito Rumonge, kusini mwa Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya ziwa. Dagaa, au ndagala kama waitwavyo huko, huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, taa hupoteza nguvu na mapato hupungua. Kwa mvuvi, kukosa fedha si hali ya kudumu wala si jambo la kupita. Hurudi kila mwezi. Inkwano, yaani mahari, inaweza kuahirishwa hivyo mwaka hadi mwaka huku wawili wakiishi pamoja na kulea watoto. Je, hao ni wachumba au mume na mke? Wimbo haujibu, na hapo ndipo unapoonyesha busara kuliko sera.

Mwaka 2017 Serikali ya Burundi iliwataka wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria waihalalishe kabla mwaka haujaisha. Agizo lilichukulia kwamba kinachokosekana ni nidhamu. Mshauri wa sera anayesikiliza "Malaika" kwa makini atauliza kwanza kuhusu gharama.

Hata hivyo, usomaji huu una upungufu mmoja usioweza kufichwa. Anayeambiwa hasemi neno. Kiswahili humpa mwanamume kitenzi "kuoa" na mwanamke "kuolewa". Makeba alipouimba wimbo huu aliacha kitenzi cha mwanamume kama kilivyo, na sauti ya kike ikabeba ahadi isiyo yake. Subira ya mwanamke anayengoja mahari, na anayebaki bila hati pindi mwenzake anapofariki, haimo katika beti hizi. Utafiti wa Rumonge ungeanzia kwake.