Pumzi ya Mwingine

Kabla ya kuimba, mtu huvuta pumzi. Kifua kinapanda kidogo, mabega yanatulia, kinywa kinafunguka nusu, ndipo sauti inatoka. Watazamaji wa filamu hawana habari na jambo hilo, na wala si lazima wawe nayo. Mimi nalipwa kulitazama. Mchana ni mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu isiyotaka kwisha. Usiku naandika maneno ya Kiswahili ya kuingizwa kwenye tamthilia za kigeni, mstari kwa mstari, ili waigizaji wetu wakae studio na kuyasema juu ya midomo ya watu wa mbali. Usingizi ni haba na chai ya rangi imekuwa ndiyo chakula, na siku hizi mawazo yangu yanazurura hovyo kutoka muvi moja hadi nyingine. Lakini kila yanakozurura yanarudi palepale, kwenye sanaa ya kuimba kwa kinywa cha mtu mwingine.

Tuanze na midomo yenyewe. Sauti nyingi za lugha hazionekani usoni. Mtu akisema k, g, h au s, kazi yote iko ndani ya kinywa na kamera haioni kitu. Lakini m, b na p hufunga midomo, na f na v huleta meno juu ya mdomo wa chini, hizo hazifichiki. Mwigizaji wa Kituruki akifunga midomo katikati ya neno la kukataa, nikimwandikia "sitaki" nimeharibu, maana neno hilo halina mahali pa kufunga midomo. "Hapana" inaingia. Akifunga mara tatu, "hapana, mama" inaweza kumfaa, kama kweli anazungumza na mama yake. Kisha kuna suala la muda. Filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde, na jicho la mtazamaji lina ubaguzi wake. Sauti ikichelewa kidogo nyuma ya mdomo, jicho linasamehe, maana hata shambani tunamwona mtu wa mbali akipiga shoka kabla hatujausikia mlio. Sauti ikitangulia mdomo, mtazamaji anashtuka papo hapo, hata kama hawezi kueleza kilichomshtua.

Hayo ni mazungumzo, nayo yana huruma. Wimbo hauna. Irabu moja inavutwa hadi mtu anachoka kuisubiri, uso wa mwigizaji umejaza skrini nzima, ulimi unaonekana, mishipa ya shingo inaonekana, na sauti inapokatika kifua nacho sharti kishuke. Ndiyo maana, filamu zilipokwisha kupata sauti, studio za Hollywood ziliona afadhali wimbo urekodiwe kwanza, katika chumba kimya chenye okestra, halafu siku ya kupiga picha upigwe kwenye spika huku mwigizaji akiufuatisha. Mwigizaji anayeijua kazi hachezeshi midomo tu. Anaimba kweli, kwa nguvu, ingawa sauti hiyo haitatumika, kwa sababu shingo ya anayejifanya kuimba haifanani na shingo ya anayeimba.

Sasa ongeza ugumu mmoja: sauti iliyorekodiwa si yake. Hapo ndipo anapoingia Marni Nixon.

Alizaliwa California mwaka 1930, akaanza na fidla utotoni, akakua na sikio la kutambua noti bila kupigiwa. Mwanamke huyu aliimba kazi ngumu za watunzi kama Schoenberg na Webern, ambazo waimbaji wengi huzikwepa. Lakini umma mkubwa ulimsikia mahali pengine, na haukumjua. Katika filamu ya The King and I ya mwaka 1956, Deborah Kerr ndiye anayeonekana na Nixon ndiye anayeimba. Walifanya mazoezi pamoja, bega kwa bega. Nixon aliutazama mdomo wa Kerr, jinsi anavyokaza taya na anavyotamka; Kerr naye aliitazama shingo ya Nixon ajue pumzi inavutwa wapi. Kuna wimbo mmoja wa hasira uliokatwa kwenye filamu lakini ukabaki kwenye santuri: Kerr anasema maneno, Nixon anadaka penye kuimba, Kerr anarudi, Nixon anadaka tena. Nimeusikiliza nikiwa na kazi nyingine kumi za kufanya, na kila mara naupoteza mshono. Studio ilimwonya Nixon asimwambie mtu. Aliyemtaja hadharani ni Kerr mwenyewe.

Kwa Kerr, sauti ilitangulia na uso ukafuata. Kwa Natalie Wood, katika West Side Story ya mwaka 1961, mambo yalipinduka. Wood alirekodi nyimbo za mhusika wake, Maria, kwa sauti yake, akapigwa picha akizifuatisha hizohizo, akitumaini kwamba ndizo zitakazosikika kwenye kumbi. Baadaye watengenezaji wakaamua sauti ile haitoshi, na Nixon akaitwa aimbe juu ya uso ambao ulikwisha kupigwa picha. Wanaojua kuingiza sauti wataelewa uzito wake. Kila pumzi ya Wood ilikuwa tayari imo kwenye filamu na haihamishiki. Alipochelewa kidogo nyuma ya okestra, Nixon naye alipaswa kuchelewa kiasi kilekile. Alipokata irabu mapema, Nixon aikate palepale. Mwimbaji mwenye sikio lisilokosea alitakiwa kuzihifadhi kasoro zote za muda za mwenzake, na papo hapo kuziondoa kasoro zote za sauti. Na bado ilibidi asikike kama msichana anayependa kwa mara ya kwanza, si kama fundi anayehesabu fremu.

Katika filamu hiyohiyo, kwenye ule wimbo wa Tonight unaoimbwa kwa pamoja na makundi yanayojiandaa kwa usiku mmoja, Nixon aliimba pia sehemu ya Anita, ambaye mwigizaji wake ni Rita Moreno. Kwa hiyo wanawake wawili tunaowasikia wakipishana kwa matumaini tofauti wametoka kwenye koo moja. Leonard Bernstein, mtunzi wa muziki huo, alimgawia Nixon robo ya asilimia moja kutoka kwenye mrabaha wake mwenyewe. Kiasi ni kidogo, lakini fundi alikuwa amemtambua fundi.

Miaka mitatu baadaye ikaja My Fair Lady. Audrey Hepburn alijifunza kuimba kwa bidii, akarekodi, na sehemu kubwa ya alichorekodi ikawekwa kando. Sikiliza wimbo wa Just You Wait. Unaanza na Hepburn mwenyewe, sauti yenye mikwaruzo na ghadhabu ya mtoto wa mtaani. Katikati, tuni inapopanda juu, Nixon anashika. Mwishoni Hepburn anarudi na hasira zake. Ni kazi ya kuunganisha inayotaka utulivu wa ajabu, maana Nixon hawezi kuingia na sauti safi ya jukwaani kama aliyeshuka kutoka mbinguni. Inambidi aanze na mikwaruzo kidogo, kisha aisafishe polepole mpaka sikio lizoee. Mwenzao Rex Harrison alikataa mpango wote wa kurekodi kwanza. Yeye aliimba nusu na kusema nusu, na hakupatia mahali pamoja mara mbili. Ikabidi afungwe maikrofoni isiyo na waya ndani ya tai na arekodiwe hapohapo anapoigiza. Kwa hiyo ndani ya filamu moja mna mwanamume ambaye okestra inamfuata pumzi zake na mwanamke ambaye pumzi zake zinafuatwa na mwanamke mwingine.

Bombay ilishika njia yake. Kule nako wimbo ulirekodiwa kwanza na mwimbaji asiyeonekana, lakini waimbaji hao hawakubaki gizani kwa muda mrefu. Filamu ya Mahal ya mwaka 1949 ilipotoka, santuri za wimbo wake mkuu ziliandikwa jina la Kamini, na Kamini ni mhusika tu wa kwenye hadithi. Wasikilizaji wakaiandikia redio wakitaka kumjua mwenye sauti, na jina la Lata Mangeshkar likatangazwa. Lata mwenyewe alisimulia namna ulivyorekodiwa. Wimbo ulitakiwa usikike kama unatoka mbali na kukaribia, na hapakuwa na mashine ya kufanya hivyo. Wakaiweka maikrofoni katikati ya chumba, naye akaanza kuimba akiwa pembeni, akawa anasogea hatua kwa hatua, mpaka beti zilipoanza kwa nguvu akawa amefika mbele yake. Jaribu kutembea huku ukiimba, bila pumzi kuyumba na bila viatu kusikika. Kwenye skrini tunamwona Madhubala, kijana mdogo, na umbali ule unaotutia baridi ulipimwa kwa nyayo za Lata.

Filamu hizo zilifika kwetu pwani na zikakaa. Katika majumba ya sinema kama Empire na Majestic pale Unguja, watu waliitazama Awara ya mwaka 1951, wakarudi nyumbani na nyimbo zake, na hawakuhitaji kujua Kihindi ili waimbe. Uso ni wa Raj Kapoor, sauti ni ya Mukesh, na mapatano kati yao yalikuwa ya kindani kiasi kwamba Mukesh alipofariki mwaka 1976, Kapoor alisema ni sauti yake mwenyewe iliyopotea. Mombasa akatokea mwimbaji Juma Bhalo, aliyezichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivisha mashairi ya Kiswahili. Watu wamezoea kuona kwamba hiyo ni njia ya mkato, kwamba tuni ipo tayari na kilichobaki ni kupachika maneno. Aliyewahi kupachika maneno hasemi hivyo. Shairi letu lina mizani yake, mara nyingi nane kwa kipande, na vina vyake havitaki mzaha. Tuni ya Bombay nayo ina hesabu yake, iliyopangwa kwa maneno ya lugha nyingine na kwa pumzi za mwimbaji mwingine. Anayeandika anapaswa kulifikisha neno zito pale tuni inapokaa, asiikate silabi pale inaporefushwa, na kina kiangukie mahali sauti inaposhuka. Yote mawili yakikubaliana, msikilizaji wa Mombasa hulia kwa mapenzi ya kwao, na wala hafikirii ile bahari iliyo katikati.

Kwenye vibanda vya video sanaa hii ilipata tawi lingine. Marehemu Lufufu hapa Tanzania, na DJ Afro kule Kenya, waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, hawakujali midomo hata kidogo. Mtu mmoja alikuwa jambazi, polisi, mama mwenye kilio na mtoto aliyepotea, na juu ya hapo alikuwa mchambuzi wa tabia zao. Lakini sikiliza wanavyoingia na kutoka: hawasemi juu ya ngumi, wanasema kati ya ngumi. Nao pia wanasubiri pumzi ya mwenzao, na pengo la nusu sekunde linawatosha.

Wapo wanaosema mbinu zote hizi ni udanganyifu na kwamba mwigizaji aimbe mwenyewe au aache. Mwongozaji Tom Hooper alijaribu njia hiyo katika Les Misérables ya mwaka 2012. Waigizaji walivaa visikilizi vidogo, mpiga piano akawafuata kutoka pembeni, wakaimba mbele ya kamera, na okestra ikaongezwa baadaye. Anne Hathaway anaimba huku analia, kamera imemkodolea macho bila kukata, na sauti inavunjika mahali ambapo mwili unavunjika. Inapendeza, naye akapata Oscar. Lakini sioni kwamba mbinu hiyo inaifuta nyingine. Hathaway alipewa uhuru wa kupumua apendavyo. Nixon hakupewa, na ndani ya pumzi alizopangiwa akamtoa Maria aliye hai.

Kwa wenzangu wanaotaka kuyajaribu macho yao, nashauri wachague wimbo mmoja wa West Side Story na kuutazama bila sauti, wakifuata kifua cha Wood tu. Kisha wausikilize bila picha. Kisha waviunganishe. Ni zoezi la kumpotezea mtu usiku mzima, na mimi nimekwisha lipia kwa sura moja ya tasnifu.

Mwaka 1965 Nixon alionekana hatimaye, katika The Sound of Music, akiwa Sista Sophia kati ya watawa wanaoimba juu ya msichana aliyewashinda. Wengi wanapenda kulisimulia hilo kama malipo: aliyefichwa kaoneshwa. Mimi nadhani kazi yake kubwa ni ile ambayo hatumwoni. Mtu akiniuliza nani aliyeimba Maria, sitasema Nixon peke yake ili nionekane mjuzi. Wood alipanga kila pumzi, bila kujua anampangia nani. Nixon akaijaza kila moja bila kuihamisha. Maria aliyeko kwenye filamu hakuweza kuimbwa na yeyote kati yao akiwa peke yake, na haki yake ni majina mawili.