Stopu Mbili za Steji ya 46

Mvua ya usiku ikishapita Kawangware, kila dimbwi pale steji ya 46 huamka likiwa kioo. Saa nne jua limekwisha kukolea. Mpiga picha mmoja wa makamo amesimama kando ya kibanda cha M-Pesa, anazungusha pete nyeusi mbele ya lenzi, taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Mara weupe wa dimbwi unayeyuka, changarawe za chini zinaonekana.

Wapita njia hudhani ufundi ni kule kuzungusha. La. Ufundi ulikwisha kabla pete haijafungwa. Alianza kwa kupima mwanga bila kichujio, kwenye ukuta wa mawe ya Ndarugo, wa kijivu, usiometameta: f/16, sehemu moja ya 125 ya sekunde, filamu ya ISO 100. Kisha akafungua lenzi hadi f/8.

Stopu mbili za mwanga, basi. Pete ile ni polaraiza, nayo humeza kati ya stopu moja na nusu na mbili, na kwa ukuta kama ule kiasi hicho hakibadiliki hata pete izungushwe vipi. Vinavyobadilika ni anga, majani mabichi na maji. Hesabu ikishawekwa, haiguswi.

Kamera inayojipimia yenyewe hufanya kinyume. Bluu ya anga ikikolea, huona giza, huongeza mwanga, na bluu iliyotafutwa kwa jasho hurudi kuwa maziwa. Simu nazo zimekuja na dawa yake: kubandika anga jingine baadaye, hata la nchi ambayo mpigaji hajawahi kufika.

Siri ya pete hii, kwamba mwanga unaodunda kwenye kioo hujipanga upande mmoja, aliiona Mfaransa Malus mwaka 1808, kwenye madirisha ya jumba la Luxembourg, Paris. Mmarekani Edwin Land akaja na utando wake wa kuuchuja mwanga huo mwaka 1929. Lakini walimu wakali wa hesabu ile ya stopu walikuwa filamu za slaidi: kosa la nusu stopu, na ubaya wake ukajulikana siku kadhaa baadaye, maabara ilipomaliza kazi.

Hapa stejini, mabati hayamtii mpiga picha. Mng'ao wa bati jipya hauondoki kwa pete, kwani mwanga unaodunda kwenye chuma kitupu haujipangi upande mmoja kama ule wa maji au kioo. Hagombani nalo, husogea hadi kwenye paa zilizoota kutu. Vijana waliomzunguka wanataka kujua bei ya kamera. Hakuna aliyeuliza habari za ukuta.

Mama anayechoma mahindi anamwita, naye anataka picha. Mpiga picha anaifungua pete, anaifunga kwenye leso, anaitia mfuko wa shati. Paji la uso wa mama linang'aa jasho, na polaraiza ingelikausha. Kidole kinarudisha lenzi f/16, macho yakiwa tayari kwa mama.