Jini, Manyani na Injili: Kusoma "Adili na Nduguze" pamoja na Vijana

Je, kijana wa kipaimara asome hadithi yenye majini? Mchungaji wa Kilosa au Mikumi, mahali ambapo Wakristo na Waislamu hukaa mtaa mmoja na neno jini si geni kwa mtoto yeyote, hawezi kulikwepa swali hili. Tunalijibu kwa kukitazama kitabu kimoja, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952 na ambacho vizazi vya wanafunzi vimekisoma.

Kwa wivu, Hasidi na Mwivu wanamtupa baharini ndugu yao Adili. Huria, binti wa majini, anamwokoa, kisha anawageuza wale wawili kuwa manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Adili anawachapa huku akilia, kisha anawalisha. Kijana wa Mikumi, aliyezoea kuwaona nyani kando ya barabara ya Iringa ipitayo katika hifadhi, haoni shida kuiwaza adhabu hiyo.

Wanaokikataa kitabu hiki wana hoja. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, katika amri ya pili, inauhesabu uchawi kuwa ni kulitumia vibaya jina la Mungu. Lakini humu hakuna anayefundishwa uchawi. Sisi tunauona mjeledi ule kuwa ni sura ya sheria: unaadhibu, wala haufanyi upya. Manyani wanarudishiwa ubinadamu pale tu Mfalme Rai anapoingia kati kuwaombea. Mwalimu afundishaye sheria na injili atapata hapa kielelezo chema.

Kasoro tunayoiona imo katika majina. Tabia ya kila ndugu imekwisha kuandikwa katika jina lake kabla hajatenda neno. Msomaji kijana atajiweka upande wa Adili, naye Hasidi atamtafuta kwa jirani. Hapo ndipo penye hatari, maana shutuma za uchawi vijijini mwetu huanza vivyo hivyo: mtu mmoja huitwa mwenye husuda, na kila msiba utokeao hubebeshwa yeye. Mtume Paulo katika Warumi 7, na Luther baada yake, hawaturuhusu kuwagawa watu hivyo. Aliyebatizwa ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati uleule. Adili na Hasidi hukaa katika nafsi moja.

Kwa hiyo tunashauri kitabu hiki kisifungiwe kabatini. Kisomwe darasani, na kisha kila kijana aulizwe, si nani kwao ni Hasidi, bali ni wapi yeye mwenyewe amekuwa Hasidi, na ni nani aliyemwombea.