Dirisha Lililokosekana Hill House

Sehemu ya 10 ya The Haunting of Hill House, mfululizo wa Netflix wa mwaka 2018 ulioongozwa wote na Mike Flanagan, inafungwa kwa keki. Luke, mmoja wa watoto wa familia inayosimuliwa, anasherehekea miaka miwili bila dawa za kulevya, ndugu zake wamemzunguka, kaka yake Steven amerudiana na mkewe. Nyumba iliyokula watu kwa sehemu tisa inageuka ghafla kuwa mahali ambapo waliofiwa hukutana na wapendwa wao. Uamuzi huo ni mbaya, tena ubaya wake ni wa kiufundi kabla ya kuwa wa ladha.

Riwaya ya mizuka na siri za familia humshika msomaji kwa sababu mzuka unasema lile ambalo wenye nyumba wamekataa kulitaja. Shirley Jackson alilijua hilo alipoandika, mwaka 1959, riwaya ya Hill House iliyozaa mfululizo huu. Mhusika wake mkuu, Eleanor Vance, amemuuguza mama yake miaka 11. Usiku wa kifo chake mama aligonga ukuta akitaka dawa, na Eleanor hana hakika kama hakusikia kabisa au aliamka, akasikia, akalala tena. Akifika Hill House, kinachomwandama ni nini? Milango kugongwa usiku. Jackson hasemi kwamba anayegonga ni mama, wala hakanushi, na taharuki yote ya riwaya imekaa hapo. Eleanor anapoligongesha gari kwenye mti na kufa, riwaya inarudia karibu neno kwa neno maelezo yaliyoifungua, nyumba imesimama vilevile, kama vile hakupita mtu.

Flanagan naye aliijua kanuni hiyo. Mzuka wa mwanamke mwenye shingo iliyopinda kuwa Nell mwenyewe, dada wa Luke aliyefia katika nyumba hiyo, katika sehemu ya 5, ni kisengerenyuma cha fundi hasa. Na shoti ndefu za sehemu ya 6 hazina doa.

Tatizo linaanzia kwenye Chumba Chekundu. Mfululizo unaeleza wazi kwamba chumba hicho ni tumbo la nyumba. Kwa Luke kilikuwa nyumba ya mtini, kwa dada yake Theo ukumbi wa dansi, kwa mama yao Olivia chumba cha kusomea. Humpa kila mtu anachokitamani ili atulie akimeng'enywa. Silaha ya Hill House, kwa hiyo, ni faraja. Mtazamaji aliyefundishwa hivyo, akioneshwa familia ambayo kila mmoja amepata alichokikosa, lazima atalitafuta nyuma ya keki lile dirisha refu la chumba, lililokuwapo katika kila sura yake. Halipo. Flanagan mwenyewe amewahi kueleza hadharani kwamba alifikiria kuliweka, kisha akaacha kwa kuona ni ukatili kwa wahusika aliokwisha kuwapenda. Wahusika walihurumiwa, hadithi ikaachwa na deni. Kama familia imetoka kweli, basi tumbo lenye njaa ya miaka mingi limekubali kuwaachia watoto wote waliobaki hai kwa kubadilishana na baba yao Hugh peke yake, na hakuna sehemu hata moja iliyoandaa ukarimu huo. Dirisha lingejibu swali kwa picha moja, bila neno.

Siri yenyewe iliharibika kwa njia hiyohiyo. Olivia alimpa Abigail, binti wa akina Dudley, watunzaji wa nyumba, chai yenye sumu. Hugh akaficha, akawaahidi wazazi wa mtoto kwamba nyumba haitabomolewa, wapate kuendelea kumwona. Hakuna siri nzito kuliko hiyo katika mfululizo mzima, na ilistahili kuwapasua ndugu hawa walio hai. Steven anaipokea, anairithi ahadi, kisha inageuzwa papo hapo kuwa habari njema: mzee Dudley anambeba mkewe mahututi hadi ndani ili afie humo na kuungana na binti yao. Dada yao Shirley, Theo na Luke hawaoneshwi hata mara moja wakijibu kwamba mama yao aliua mtoto wa watu.

Robert Wise, katika filamu yake ya mwaka 1963 iliyotokana na riwaya hiyohiyo, alifanya kazi kwa picha nyeusi na nyeupe, uso wa Julie Harris, sauti, na mlango unaobonyea. Hakuonesha mzuka hata mmoja, na Eleanor wake hakuokolewa. Bado hajapatikana wa kumfikia. Jan de Bont, alipoirudia mwaka 1999, alirundika mizuka ya kompyuta na kumgeuza Eleanor mkombozi wa roho za watoto; filamu hiyo haistahili kusamehewa hadi leo. Flanagan ni fundi mkubwa kuliko de Bont kwa kila kipimo, lakini sehemu ya 10 imemfikisha palepale. Steven anayasoma maneno ya mwisho ya Jackson, na pale Jackson alipoacha upweke wa kutisha, yeye anaweka watu wanaotembea pamoja.