Boksi kwanza, mtu baadaye: Marekani ilivyopunguza vifo vya mitaroni

Mwaka 2022 wafanyakazi 39 walikufa katika kazi za kuchimba mitaro nchini Marekani. Mwaka uliofuata walikufa 15, na mwaka 2024, hadi takwimu zilipotolewa kuelekea mwisho wa mwaka, 12. OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo (si OSHA yetu ya Tanzania, majina tu yamefanana), ilitangaza kwamba vifo vimepungua kwa karibu asilimia 70. Ukirudi nyuma hatua moja, utaona kuwa mwaka 2021 waliokufa walikuwa 15. Hesabu imeanzia kwenye mwaka uliokuwa mbaya kupita kiasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya asilimia hizo ni kurudi pale walipokuwa. Hata hivyo kuna kazi iliyofanyika, na inafaa kuichambua, maana kanuni zenyewe hazikuwa mpya. Zipo tangu 1989.

Tuanze na udongo. Mita moja ya ujazo huwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi, sawa na gari dogo. Ukuta uliochimbwa asubuhi husimama wima kwa kuwa unyevu bado unazishikanisha chembe zake. Jua likipanda udongo hukauka, ufa hutokea juu sambamba na ukingo, lori hupita barabarani, na bamba zima huachia. Hata aliyefukiwa hadi kifuani, kichwa kikiwa nje, anaweza kufa: kila akitoa pumzi kifusi hujaza nafasi iliyopatikana, na kifua hakipanuki tena. Wenzake hurukia ndani na makoleo, kisha ukuta wa pili huwafuata.

Kanuni za Marekani zinasema mtaro ukifika kina cha futi 5, yaani mita 1.5 hivi, lazima uwe na kinga, isipokuwa umechimbwa kwenye mwamba mgumu usio na nyufa. Ukizidi futi 20, kinga hiyo isanifiwe na mhandisi aliyesajiliwa. Kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na ngazi iwe karibu.

Kinga rahisi kuielewa ni kulaza kingo. Tatizo lake ni nafasi. Kwa udongo dhaifu, kila mita moja ya kwenda chini inadai mita moja na nusu ya kwenda pembeni. Mtaro wa mita 2, wenye sakafu ya mita 1, utafunguka juu kwa upana wa mita 7. Mtaa gani wa mjini utakupa mita 7? Tena mjini ndiko kwenye udongo mbaya zaidi, kwa kuwa umekwisha chimbwa na kurudishiwa mara kadhaa kwa ajili ya mabomba ya zamani.

Ndiyo maana makandarasi hutumia jeki zinazosukuma mbao au mabati dhidi ya kuta, au boksi la mtaro: kuta mbili za chuma zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama, zinazoshushwa na kijiko. Hapa wengi huchanganya mambo. Jeki huuzuia ukuta usianguke. Boksi halizuii kitu. Ukuta unaweza kuporomoka, ila utaangukia chuma badala ya mtu. Kwa hiyo aliyetoka mita moja nje ya boksi kwenda kuunga bomba hana kinga yoyote, hata kama boksi lipo na picha imepigwa. Na wakati boksi linashushwa au kuinuliwa, ndani yake hapaswi kuwapo mtu.

Haya yote yalijulikana mwaka 2022 wakati watu 39 wanakufa. Kilichobadilika ni usimamizi. Katikati ya mwaka huo, vifo vikiwa vimeshafika 22, OSHA ilitangaza zaidi ya ukaguzi 1,000 wa mitaro nchi nzima, na ikasema haitasita kupeleka kesi za jinai. Mkaguzi anayepita na kuona mtaro wazi husimama na kukagua, hata kama kutoka barabarani haoni kosa lolote. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, kuliko faini. Mkandarasi anayejua kwamba shimo lake linaonekana na kila apitaye hana mahali pa kuficha ile “kazi ya dakika tano tu”.

Kanuni zinadai pia awepo mtu mwenye ujuzi, anayekagua mtaro kila siku kabla ya kazi na kila baada ya mvua, na mwenye mamlaka ya kuwatoa watu. Vipimo vyake vingine havihitaji maabara. Hukandamiza dole gumba kwenye donge lililotoka kuchimbwa: likizama kwa shida sana, udongo ni imara, likiingia kirahisi, ni dhaifu. Lakini ujuzi wa dole gumba bila mamlaka ya kusimamisha kazi haumwokoi mtu.

Basi nawe ukimpa kibarua kazi ya kuchimba shimo la choo au mtaro wa bomba unaompita kifua, muulize fundi kabla mtu hajashuka: kuta zimeshikiliwa na nini? Akikujibu kwamba udongo wa hapa ni mgumu, asishuke mtu.