Wageni wa Mirihi na Watu wa Mlima Kenya

Msomaji, huenda umepata kusikia watu wakisema kwamba hadithi za safari za angani na mashine za ajabu ni mchezo wa watoto. Usiwakubalie upesi. Mtungaji wa hadithi hizo hutazama nyota, lakini miguu yake imesimama juu ya ardhi, na ardhi hiyo ina watawala, majeshi na mipaka. Leo nataka tupime hadithi moja mashuhuri ya namna hiyo, nasi tuisome kama watu waliokaa Embu na Meru. Maana kitabu husomeka vingine msomaji abadilishapo kikao.

Mwaka wa 1898 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho The War of the Worlds, yaani vita vya malimwengu. Humo viumbe wa sayari ya Mirihi wanashuka karibu na mji wa Woking, kusini mwa Uingereza. Wenyeji wanawaendea na bendera nyeupe. Wanateketezwa kwa mwali wa joto. Kisha mashine za miguu mitatu zinaelekea London, na taifa lililotawala sehemu kubwa ya dunia linakimbia ovyo kama mbuzi walioona chui.

Kusudi la mtungaji halikufichika. Katika sura ya kwanza anawakumbusha wasomaji wake habari za wenyeji wa Tasmania, walioangamizwa na Wazungu katika muda wa miaka 50, kisha anawauliza wana haki gani ya kunung'unika wakitendewa na Mirihi kama walivyotenda wao. Huu ndio ubora mkubwa wa kitabu hiki: kilimvika mtawala nguo za mtawaliwa.

Sasa kitazame kutoka huku kwetu. Mwaka wa 1906, miaka 8 tu baada ya kitabu kutoka, Waingereza walipeleka jeshi Embu. Mikuki na mishale ilikabili bunduki, na Waembu wakashindwa. Mwaka wa 1908 E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, aliweka kituo cha utawala Meru bila ya vita vikubwa. Habari za Embu zilikuwa zimekwisha kumtangulia. Jambo ambalo wasomaji wa London walilisoma kama ndoto ya kutisha, huku lilikuwa historia.

Tena hadithi hii haikuzeeka, kwa sababu kila kizazi kiliitia hofu yake. Mwaka wa 1938 Orson Welles aliigeuza kuwa mchezo wa redio huko Marekani, wakati ambapo dunia ilikuwa ikihofia vita vya Ulaya; baadhi ya wasikilizaji wakadhani ni habari ya kweli. Mwaka wa 1953 ilifanywa sinema, na ndani yake hata bomu la atomiki linashindwa kuwadhuru wageni. Marekani na Urusi zilikuwa zikitishana kwa silaha hiyo hiyo. Mwaka huo huo ndege za Uingereza zilikuwa zikiangusha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya, walimokuwamo wapiganaji wa Meru na Embu. Watazamaji wa Marekani walilipa fedha ili waogope kitu kitokacho angani. Watu wa mlima huu walikiogopa pasipo kulipa hata senti.

Lakini sifa isitufumbe macho. Mwisho wa kitabu cha Wells una udhaifu. Wageni wa Mirihi hawashindwi na mtu. Wanauawa na vijidudu vya maradhi ambavyo miili yao haikuvizoea. Mwisho huo unastaajabisha, ila haumwachii binadamu kazi. Embu haikuokolewa na vijidudu. Uhuru wa mwaka wa 1963 uliletwa na watu: wengine msituni, kama Musa Mwariama wa Meru, wengine katika vizuizi, wengine katika meza ya mashauri. Tena, Wells anamtaja Mtasmania, lakini hampi nafasi ya kusema. Anamhurumia aliyeonewa, asimsikilize.

Kwa hiyo nakusihi uitazame pia sinema fupi Pumzi, ya mwaka wa 2009, iliyotungwa na kuongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu. Ndani yake dunia imekauka baada ya vita vya kugombea maji, na watu wanaishi wamejifungia, wakisafisha hata jasho lao ili walinywe. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anaotesha mbegu. Wakubwa wanamkataza kutoka. Anatoka, anaupanda mche jangwani, anaumwagilia maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Hapa binadamu ana kazi, na anayeitenda ni mwanamke wa Afrika. Kwetu jambo hili si la mbali. Mito ya mlima wetu huingia Tana, na mabwawa ya Tana, tangu Kindaruma ya mwaka wa 1968, yamewasha taa za miji ya mbali. Anayeshika maji ameshika nguvu.

Hata Pumzi ina upungufu wake: Asha yu peke yake, hali mifereji ya milimani huchimbwa na mikono mingi. Hadithi ya kijiji kizima kikiokoa mto wake ingali inamngoja mtungaji.

Basi, msomaji, ukutanapo na hadithi ya mambo yajayo, iulize maswali matatu. Ni nani mwenye nguvu? Ni nani anayesema? Na binadamu ameachiwa kazi gani? Ikiwa majibu hayakuridhishi, usikitupe kitabu. Chukua kalamu.